Maswali ya Wasomaji: Rejimenti iliyokuwa Tanga na Ubelgiji wiki ile ile

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, na tangu utotoni nimewasikia wazee wakisimulia vita vya nyuki vya mwaka 1914, Waingereza waliporudishwa baharini. Karibuni nimesoma kwamba miongoni mwa walioshuka Tanga ni rejimenti iitwayo Loyal North Lancashire. Nilipofuatilia, nikaikuta rejimenti hiyo hiyo Ubelgiji Novemba 1914, Gallipoli 1915 na Baghdad 1917. Je, waandishi wamechanganya mambo, au askari hawa walihamishwa kwa kasi ya namna gani?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Waandishi hawakukosea, ndugu yangu, na wewe hukusoma vibaya. Kinachotatiza ni neno rejimenti lenyewe. Katika jeshi la Uingereza la wakati ule, rejimenti ya askari wa miguu haikuwa kundi linalosafiri na kupigana pamoja, bali ilikuwa kama ukoo, wenye jina, chimbuko na alama zake, ambao watoto wake wanaweza kuwa mmoja Pangani, wa pili Mwanza na wa tatu Maskati, na wote wakaitwa kwa jina la babu mmoja. Ukoo huu ulizaliwa mwaka 1881 kwa kuunganishwa rejimenti mbili za zamani, ya 47 na ya 81, na makao yake yalikuwa kambi ya Fulwood mjini Preston, jimbo la Lancashire. Kilichokwenda vitani ni batalioni, yaani kikosi cha watu wapatao 1,000 chini ya luteni kanali. Kwa hiyo, anayeuliza rejimenti fulani ilikuwa wapi hana budi kwanza kuuliza: batalioni ya ngapi?

Vita vilipoanza Agosti 1914, batalioni ya 1 ilikuwa Aldershot, kusini mwa Uingereza, na ya 2 ilikuwa Bangalore, India, kwa sababu ilikuwa desturi batalioni moja ya kudumu ikae nyumbani na nyingine ikae ng'ambo. Ya 1 ilivuka kwenda Ufaransa mwezi ule ule. Tarehe 14 Septemba ilishambulia karibu na kiwanda cha sukari cha Troyon, juu ya mto Aisne, kamanda wake akauawa, na mwanzoni mwa Novemba mabaki yake yalikuwa kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji. Wiki hiyo hiyo batalioni ya 2, baada ya safari ndefu ya meli kutoka Bombay, ilikuwa inashuka Ras Kazone, Tanga.

Nyumbani nako vijana walikuwa wanajiandikisha kwa maelfu, na batalioni mpya zikazaliwa mfululizo. Mmoja wa watoto hao wa vita ni batalioni ya 6, ambayo ndiyo uliyoikuta Gallipoli, nchini Uturuki, na Baghdad. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1915 ilipewa zamu ya kushika kilele cha Chunuk Bair badala ya askari wa New Zealand waliochoka, na alfajiri wanajeshi wa Kituruki wa Mustafa Kemal wakakishukia kilele hicho kwa wingi na kuifagia. Waliosalia, pamoja na vijana wapya wa kujaza pengo, walipelekwa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Huko, Machi 1917, walitakiwa kuvuka mto Diyala usiku ili njia ya Baghdad ifunguke. Mashua zilipigwa risasi katikati ya maji, na waliofika ng'ambo walikuwa wachache, wakakatiwa mawasiliano na wenzao. Wakajibanza kwenye pindo la mto chini ya Kapteni Oswald Reid, wakazuia mashambulizi kwa saa 30 huku risasi zikiwaishia, mpaka wenzao walipovuka. Kapteni Reid alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mimi kila nikisoma habari za watu wale nakaa kimya kidogo, kwa kuwa wengi wao hata miaka mitatu ya uaskari hawakuwa nayo.

Sasa nirudi kwenu Tanga. Meja Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, alikuja na watu wapatao 8,000, karibu wote kutoka India, na batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire ndiyo pekee ya Waingereza wa kudumu iliyokuwa katika kikosi kile. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita Fox iliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, na muda uliopita baada ya hapo ulimtosha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Shambulio kubwa lilikuja tarehe 4. Batalioni ya 2, pamoja na Wakashmiri, ilifanikiwa kuingia mjini, lakini vikosi vya kando yao vilivunjika, bunduki za rashasha zikawapiga kutoka ubavuni, nao wakalazimika kurudi nyuma kupitia mashamba ya minazi.

Nyuki walikuwepo kweli. Mizinga ya wenyeji ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaipasua, na makundi yakawavamia watu wa pande zote mbili. Wa batalioni ya 98 ya India waliumia zaidi. Hata hivyo, nawaomba wazee wetu radhi: vita vile viliamuliwa na siku mbili zilizopotezwa na reli ya Usambara, na watu wapatao 1,000 tu wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, ndio waliosimama mbele ya wale 8,000. Jeshi la Aitken lilipanda meli tarehe 5 likiacha ufukweni mamia ya bunduki na bunduki 16 za rashasha.

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Hapa kwetu Voi husimuliwa kwamba Wazungu walioshindwa Tanga ndio waliokuja kupigana Taveta. Ni kweli? Na nimeambiwa jina Kilimanjaro limo katika kumbukumbu za rejimenti moja ya Uingereza. Waliupanda mlima?
– Msomaji, Voi

JIBU: Ni kweli, angalau kwa batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire. Kutoka Tanga ilipelekwa Mombasa, ikabaki Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka miwili. Juni 1915 ilivuka ziwa kutoka Kisumu pamoja na vikosi vingine kushambulia Bukoba na kuharibu mtambo wa simu ya upepo, na tarehe 12 Februari 1916 ilikuwa katika shambulio la kilima cha Salaita, karibu na kwenu, ambalo lilishindwa. Mwezi uliofuata, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi.

Adui mkubwa wa batalioni hii hakuwa na bunduki. Malaria na kuhara viliwaangusha watu wake kwa wingi hata ikabidi, mwaka 1916, ipelekwe Afrika Kusini kupumzishwa. Ilirudi miezi michache baadaye, lakini Januari 1917 ilihamishiwa Misri, ikapigana Palestina, na Mei 1918 ikapelekwa Ufaransa kujiunga na divisheni ya 34. Aliyeponea chupuchupu katika minazi ya Tanga, kama homa haikummaliza, Julai 1918 angeweza kujikuta akishambulia kusini mwa Soissons.

Kuhusu Kilimanjaro, hapana, hawakuupanda. Baada ya vita, rejimenti za Uingereza ziliruhusiwa kuorodhesha majina ya mapigano waliyoshiriki kama heshima, na Kilimanjaro ni jina lililopewa mapigano ya mwaka 1916 ya kuwatoa Wajerumani kwenye miteremko na vilima vinavyouzunguka mlima huo, kwa hiyo Taveta yenu imo ndani yake. Kwa kuwa heshima ya batalioni moja ni ya ukoo mzima, jina hilo liko katika orodha moja na Ypres, Baghdad na Jerusalem, ingawa askari wengi mno wa rejimenti hiyo hawakuwahi kukanyaga Afrika. Tanga haimo katika orodha.