Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi Kwenye Gari la Zamani

Swali: Salamu kwenu mafundi. Nina sedani ya mwaka 1966, injini ya lita 1.6, bado inatumia dainamo, jenereta ya kizamani ya kuchaji betri. Nimepata seti kamili ya kiyoyozi: kompresa ya kukandamiza gesi, kondensa ya kutoa joto nje, draya ya kunyonya unyevu, mipira, na evaporeta ya kupooza hewa, inayofungwa chini ya dashibodi. Kabla sijalipa, nikague nini kwenye gari?

Jibu: Umeme kwanza, ndugu yetu, maana hapo ndipo seti nyingi nzuri hukwama. Feni ya evaporeta ikiwa kasi ya juu huvuta karibu ampea 15. Klachi ya kompresa, ile ya umeme inayoikamatisha na mkanda, huvuta kama 4, na feni ya umeme ya kondensa huvuta nyingine 15 hadi 20. Tayari umevuka ampea 30, na hujawasha taa wala waipa. Dainamo ya enzi hizo hutoa ampea 22 hadi 30 gari likiwa mwendoni, na kwenye sailensa (injini ikinguruma bila gari kwenda) haitoi karibu chochote. Ukikaa kwenye foleni usiku, mzigo wote unabebwa na betri. Badala ya dainamo funga alteneta, jenereta ya kisasa, ya ampea 60 au zaidi ndipo uzungumzie ubaridi.

Angalia pia waya wa betri uliofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Ukiliacha hivyo, alteneta ya kawaida itaungua, na feni ya kondensa inaweza kuzunguka kinyume, ikasukuma hewa mbele wakati wewe unataka iingie kwenye rejeta. Geuza mfumo kuwa hasi kwenye bodi, na ukumbuke kubadili nyaya za koili na za geji ya ampea.

Kisha rejeta. Kondensa itakaa mbele yake, kwa hiyo rejeta itapokea hewa ambayo imeshapashwa moto. Kama mshale wa joto hupanda kwenye foleni hata sasa, kiyoyozi kitalichemsha gari. Safisha rejeta, badilisha thamostati, weka kava ya feni, halafu liendeshe wiki mbili. Joto likitulia, nunua seti.

Kwa injini yako kompresa ya aina ya Sanden 508, yenye ujazo wa sentimita 138 za ujazo kwa mzunguko, inatosha. Ikikamata kwenye sailensa, injini itashuka na huenda ikazima, basi weka solenoidi ndogo (kisukumio cha sumaku ya umeme) kwenye kabureta ya kuinua sailensa kila klachi inapopata umeme. Klachi hiyo ni neema tunayoisahau: magari ya Packard ya toleo la 1940, ya kwanza kuuzwa na kiyoyozi cha kiwandani, hayakuwa nayo. Kuzima kompresa ilibidi ufungue boneti na kuvua mkanda.

Swali: Mkanda wa kompresa umekatika mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nimenunua wa gharama zaidi, lakini nao umeanza kutoa unga mweusi.

Jibu: Unga huo ni mpira unaosagwa na ukingo wa puli. Mkanda hauna kosa, puli hazijapangana. Chukua fimbo ya chuma iliyonyooka, ilaze usoni mwa puli ya krenki ipite hadi ya kompresa. Tofauti ikizidi milimita 1.5, weka washa nyuma ya braketi au zipunguze, kisha pima tena bolti zikiwa zimekazwa kabisa, kwa sababu braketi nyembamba hujipinda inapokazwa. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu: ushuke kama milimita 10 hadi 13. Hakikisha pia upana wake unalingana na mfereji wa puli. Mkanda mwembamba huzama hadi chini ya mfereji na kuteleza, hata ukiukaza vipi.

Swali: Gari likitembea napata ubaridi mzuri. Nikisimama dakika tano, hewa inakuwa vuguvugu. Fundi anataka kuongeza gesi.

Jibu: Asiongeze. Gesi ingekuwa pungufu, ubaridi ungekuwa hafifu hata mwendoni. Kinachokosekana ni hewa kwenye kondensa. Kazi ya kiyoyozi ni kuhamisha joto kutoka ndani ya gari kulipeleka nje, na mlango wake wa kutokea ni kondensa. Gari likitembea, upepo huufungua mlango huo; likisimama, feni ndiyo tegemeo peke yake.

Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, uweke karatasi mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe na kubaki imeganda pale. Ikianguka, feni ni dhaifu, imefungwa kinyume, au hewa inapita pembeni. Hili la mwisho ndilo tunalokuta mara nyingi: kondensa imefungwa sentimita nne au tano mbele ya rejeta, na hewa ya moto ya injini inazunguka pembeni kurudi mbele. Nafasi iwe milimita 6 hadi 12, na kingo zote uzizibe kwa sponji.

Kisha funga geji za presha ya gesi, injini ikiwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa gesi ya R-134a, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 hivi, presha ya chini iwe bar 1.5 hadi 2.5 na ya juu bar 12 hadi 17. Ya juu ikipanda bar 20 na kuendelea, mwagia kondensa maji kidogo kwa bomba. Ikishuka papo hapo na ubaridi ukarudi, umepata ushahidi wa kumwonyesha fundi wako.

Kama seti yako ina hita ndani ya boksi moja na evaporeta, shika mipira miwili ya hita. Yote ikiwa ya moto wakati hita imezimwa, vali ya maji inavujisha, na maji ya injini yanaipasha hewa uliyokwisha kuipooza.

Swali: Nataka kuunganisha mwenyewe hadi hatua ya kujaza gesi. Nipeni utaratibu.

Jibu: Draya ifungwe mwisho kabisa. Vifuniko vyake vikitoka, dawa iliyo ndani huanza kunyonya unyevu wa hewa, na baada ya saa chache imeshiba. Isimame wima, mshale wake ukielekea evaporeta. Mpira mnene zaidi hutoka evaporeta kwenda kompresa, wa kati hutoka kompresa kwenda juu ya kondensa, na mwembamba hutoka chini ya kondensa kupitia draya hadi kwenye vali ya ekspansheni, inayoshusha presha ya gesi kabla haijaingia evaporeta. Kila oringi (pete ya mpira ya kuziba maungio) ipakwe mafuta, na kaza kwa spana mbili: moja izuie, nyingine igeuze. Ukitumia moja, bomba la aluminiamu litajisokota.

Jaza nitrojeni hadi bar 10 na upake povu la sabuni kwenye maungio. Ukiridhika, itoe na uvute vakyumu kwa pampu dakika 45 au zaidi. Vakyumu haitoi hewa tu: kwenye presha ndogo kiasi hicho maji huchemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Yakibaki, yataganda kwenye vali na baadaye kutengeneza asidi itakayokula kompresa. Funga pampu, subiri nusu saa. Sindano ikirudi, kuna tundu.

Kabla ya kuwasha, zungusha uso wa klachi kwa mkono mara kumi, mafuta yaliyotuama yasije yakavunja vali za ndani. Gesi ipimwe kwa mizani. Seti nyingi za namna hii hula gramu 700 hadi 820, ila fuata karatasi ya seti yako. Kompresa ikiwa inazunguka, mtungi usimame wima ili uingie mvuke, kwa upande wa presha ya chini tu.

Swali: Zulia la upande wa abiria limelowa. Ni gesi inavuja?

Jibu: Hapana, gesi haiachi maji. Mpira wa kutolea maji ya evaporeta umeziba au umepinda. Upulize, kisha uuteremshe bila kona hadi chini ya sakafu.

Swali: Gari langu lina kiyoyozi cha zamani cha R-12. Naweza kumimina R-134a tu?

Jibu: Ukimimina tu, kompresa itakauka, kwa sababu mafuta ya madini yaliyomo hayachanganyiki na R-134a na hayarudi nayo. Gesi ya zamani ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani: R-12 huharibu tabaka la ozoni. Mwaga mafuta, weka ya esta, yanayochanganyika na R-134a. Badilisha draya, oringi zote, na mipira iwe ya aina yenye utando wa ndani, maana gesi mpya hupenya ile ya kale. Anza na asilimia 80 hivi ya uzito wa zamani, uongeze taratibu ukiangalia geji.