Saa za kazi zishonwe kwa kipimo cha mtu, mimi nimejifunza kwa machozi

Jumanne usiku nishapanda kitandani, simu ikaingia meseji. Ni binti mmoja ninayefanya naye kazi ofisini kwangu, jina simtaji. Kaandika hivi: "Dada shikamoo, samahani kwa usiku. Ile kazi ya mjini nimewaambia siendi." Nikaisoma mara tatu. Mimi nilikuwa nishajiandaa kumpoteza, nishaanza hata kufikiria nani atashika wateja wake, maana mshahara waliomwahidi kule mimi siuwezi, nakuambia ukweli siuwezi hata mwaka ujao. Nikampigia, marahaba mdogo wangu, imekuwaje tena? Akanijibu, "Dada, kule ni saa mbili kamili mpaka saa kumi na moja, alafu Jumamosi nusu siku, na mtoto wangu kazoea mama anatoka kazini saa tisa."

Basi, sikulala. Nililia na haikuwa huzuni, nililia kwa sababu kuna mtu kaona kitu nilichokijenga kwa miaka sita kina thamani kuliko hela, na kitu chenyewe ni saa tu, saa za kuingia na kutoka. Najua wengi mnaonisoma mna ofisi zenu ndogo au ndo mnaota kuzifungua, na mnaniuliza kila siku nawezaje kukaa na watu muda mrefu wakati silipi kama makampuni makubwa. Leo nawaambia yote.

Inabidi nianzie nyuma. Mimi nilikuwa mhasibu kwenye kampuni moja pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, siitaji na sitaitaja. Nilikuwa naishi Chanika, pembeni kabisa ya jiji. Anayeijua Chanika anajua, unaamka saa kumi alfajiri, unaunga magari, Gongo la Mboto unashuka unagombania jingine, na bado unaweza kufika umechelewa. Mlangoni kulikuwa na mashine ya kidole. Saa mbili na dakika tano ukiweka kidole unahesabiwa umechelewa, mwisho wa mwezi unakatwa. Na nilikuwa na mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye mtoto wa selimundu sina haja ya kumweleza, baridi ikibadilika kidogo, asipokunywa maji ya kutosha, usiku analia mifupa. Kliniki ni kila mwezi na foleni ya faili peke yake inakula asubuhi nzima.

Nikaenda kwa meneja kuomba. Sikuomba kufanya kazi kidogo, niliomba siku moja kwa mwezi niingie mchana na saa hizo nizifidie jioni. Akaniangalia akaniambia, "Hapa hatuajiri matatizo ya nyumbani." Ni miaka mingi imepita lakini hiyo sentensi naisikia kama kaisema jana.

Alafu ikaja ile siku. Nilikuwa nimemaliza kufunga hesabu za mwezi saa nane mchana, meza yangu nyeupe haina karatasi hata moja, na dada wa nyumbani akapiga simu mtoto ameanza maumivu. Nikaomba kutoka. Nikaambiwa muda wa kutoka ni saa kumi na moja. Yani nilikaa saa tatu nzima naangalia kioo cha kompyuta, sina kazi ninayofanya, na mwanangu analia Chanika. Hospitali nilifika saa mbili usiku, nikamkuta jirani ndo kamshika mkono. Alipona, sasa hivi yuko darasa la sita na ana kelele kuliko watoto wote wa mtaani, namshukuru Mungu. Lakini zile saa tatu hakuna aliyenirudishia, na kampuni nayo haikupata chochote kutoka kwenye zile saa. Hapo ndo panaponiuma zaidi. Kama zingekuwa na faida kwa mtu yeyote labda ningesamehe mapema.

Niliacha kazi. Habari za kusajili biashara na kutafuta wateja wa kwanza naziruka, mshazisoma kwa wengine. Nikajikuta Sinza, chumba kimoja, baadaye viwili, tunatunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, wale wanaokuletea risiti za mwezi mzima kwenye boksi la viatu. Nikaajiri. Na kwa sababu nilikuwa na kidonda changu nikasema ofisi yangu haitakuwa kama ile. Nikatangaza kwa furaha, jamani hapa tunaingia saa nne tunatoka saa kumi na mbili, hakuna mtu wa kuamka saa kumi. Nilidhani watanibeba mabegani.

Hawakusema kitu. Na mimi nikachukulia kimya kile ni shukrani.

Baada ya miezi minne binti mmoja hodari sana akaacha kazi, barua mistari miwili, sababu hakuna. Nilikuja kuambiwa na mwenzake kwamba yule binti alikuwa anasomea mitihani ya CPA, ile ya cheti cha uhasibu, na madarasa yake yalikuwa yanaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Kumbe saa nne yangu ndo iliyomfukuza. Nikaanza kuchunguza wengine. Kaka wa Mbagala akanieleza kwamba akitoka kwake saa kumi na moja alfajiri anapata siti na barabara ya Kilwa iko wazi, ila akisubiri hiyo saa nne yangu anakutana na foleni zote mbili, ya kuja na ya kurudi. Mama mmoja Mwislamu, mtu mzima mwenye staha zake, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Ramadhani nikitoka hapa saa kumi na mbili, futari anapika nani?" Nikaona aibu. Nilikuwa nimeshona nguo kwa kipimo changu mimi, mama wa Chanika mwenye mtoto mgonjwa, alafu nikawavalisha wote nikidhani nawafanyia hisani. Tofauti yangu na yule meneja ilikuwa saa mbili tu za mshale wa saa.

Ndo nikaanza kukaa na mtu mmoja mmoja. Maswali yangu yalikuwa mawili na mpaka leo ni hayo hayo. La kwanza, saa ngapi kichwa chako kinafanya kazi vizuri? La pili, saa ngapi nyumbani wanakuhitaji wewe na si mtu mwingine? Hilo la pili ndo lenyewe. Watu wanafikiria, wanakaa kimya, wengine machozi yanawalenga, mana hakuna aliyewahi kuwauliza kazini.

Kaka wa Mbagala sasa anaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na anatoka saa tisa na nusu. Zile saa mbili za kwanza ofisi ni ya kwake peke yake, na kulinganisha hesabu za benki anakofanya muda ule hakuna anayemfikia. Yule mama, mwezi wa mfungo anaanza mapema hivyo hivyo na saa tisa yuko njiani, na kwa kuwa mfungo unasogea kama siku kumi na moja kila mwaka tunaiandika upya ratiba yake kila mara. Kuna kijana anampeleka baba yake kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara wanakaa kwenye mashine kama saa nne. Siku hizo anaanza mchana na kazi nyingine anamalizia nyumbani. Nikamwambia ukifungua kompyuta baada ya saa mbili usiku uniambie, kwa sababu kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi sheria inahesabu ni kazi ya usiku na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hakuamini. Alidhani namfanyia huruma tu kumruhusu.

Na huyu binti wa meseji ya Jumanne, alipotoka likizo ya uzazi, zile siku 84, alikuja ofisini anavuja maziwa kwenye blauzi na anaogopa kusema. Nilimkumbuka mtu, nilijikumbuka mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Watu wengi wanadhani lazima aende nyumbani arudi, nani ataenda Mbezi kunyonyesha arudi Sinza? Tukakubaliana saa zake mbili azitumie mwishoni, saa tisa anatoka. Mtoto alipoacha ziwa nilimwambia usibadilishe, endelea, kilichobaki malizia mtoto akilala.

Sasa naomba nikuambie wewe bosi mwenzangu, isome hiyo sheria. Inasema saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ukizidisha hapo ni ovataimu, unalipa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Haisemi popote kwamba lazima iwe saa mbili asubuhi. Tena inaruhusu mkubaliane kwa maandishi mtu afanye mpaka saa 12 kwa siku, chakula kikiwa humo humo, bila ovataimu, ili mradi asizidishe siku tano wala saa 45 kwa wiki. Piga hesabu, toa saa moja ya chakula unabaki na 11, kwa siku nne ni 44. Mtu kamaliza wiki yake Alhamisi! Nina kijana mwingine yuko hivyo sasa, anasoma CPA Ijumaa na Jumamosi, na kila nikimwona namkumbuka yule binti niliyempoteza.

Sijasema ni rahisi. Kuna mwezi ritani ya VAT ya mteja, ile taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ilichelewa, tarehe 20 ya mwisho ikapita, kila mmoja alidhani mwenzake kashughulikia kwa sababu yule katoka saa tisa na huyu kaingia mchana. Faini nililipa mimi mfukoni na mteja sikumlaumu. Kosa halikuwa la ratiba, kosa lilikuwa langu sikuandika. Tangu siku ile kuna kalenda kubwa ukutani, kila kazi ina jina la mtu mmoja, mmoja tu, na tarehe. Saa nne mpaka saa saba wote tunapatikana, aliyepo ofisini na aliye kwenye simu, muda huo ndo wa wateja na wa kukabidhiana. Na zile siku za kuelekea tarehe 7 ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, na tarehe 20 ya VAT kila mtu anajitoa zaidi kidogo, isipokuwa mambo ya hospitali, hayo hayaguswi hata dunia ipasuke.

Maneno nayo yalikuwepo. Mbona yule anaondoka mapema, mbona sisi tusio na watoto. Nilichofanya, ratiba za wote ziko ukutani wazi, lakini sababu haziko. Sababu ni yangu mimi na yeye. Usimlazimishe mtu aeleze ugonjwa wa mama yake mbele ya wenzake ili aonekane anastahili saa moja, huo ni unyanyasaji hata kama unaongea kwa sauti ya upole. Na asiye na mtoto naye ana maisha, muulize yale maswali mawili hivyo hivyo.

Na wewe uliyeajiriwa, nakuomba usiende kwa bosi kama nilivyoenda mimi. Mimi nilienda na machozi, na machozi kwa mtu mgumu ni ushahidi dhidi yako. Andika karatasi. Saa utakazokuwepo, kazi utakazokabidhi na lini, nani anapokea simu yako ukiwa haupo. Omba mwezi mmoja wa majaribio. Akikubali, iandikwe, mana saa za kazi ni sehemu ya masharti ya ajira na zikibadilika na maandishi yabadilike. Usikubali lile la "tumeelewana tu", meneja akihamishwa kesho umeelewana na nani? Andika. Narudia, andika, hata kama bosi wako ni rafiki yako, hata kama bosi wako ni mimi.

Wapo watakaosema wafanyakazi wa Kitanzania ukiwalegezea wanakupanda kichwani. Nimelisikia sana hili, na linaniudhi, kwa sababu mara nyingi anayelisema yeye mwenyewe anaingia ofisini saa nne. Mtu unayemwamini na hela za wateja huwezi kumwamini na saa zake? Kama humwamini, shida yako haikuanzia kwenye saa.

Jana nimekaa tena na yule binti. Mtoto wake anaanza chekechea Januari na gari la shule halifiki kwao, inabidi ampeleke mwenyewe asubuhi. Akatoa karatasi yake ya zamani kwenye faili, imechakaa mikunjo. Saa ya kuingia tukafuta saa mbili tukaandika saa tatu, ya kutoka saa tisa tukaiacha, na ile saa moja atafidia jioni kwa siku anazotaka yeye. Akasaini, nikasaini, akaenda kumalizia ritani ya mteja wa Kariakoo.