Mume hapati usingizi, anafoka, anasema "niko poa": pa kuanzia

Dada, nimekuelewa: tangu duka la Kariakoo liyumbe mumeo anakesha, chakula anakigusa tu, anawafokea watoto, na ukimuuliza anasema yuko poa.

Achana na "una nini?", linamweka mtu kizimbani. Taja ulichokiona: "Wiki hii naona hulali, nina wasiwasi na wewe." Kisha nyamaza, hata kimya kikikuchosha. Usimwanze akiwa ndo kashuka kwenye daladala. Mwache aoge, ale kwanza. Wengi hufunguka mkitembea bega kwa bega kuliko mkitazamana mezani.

Akitaja madeni, usirukie suluhisho, na "wenzako wana makubwa zaidi" ndiyo humfunga mdomo kabisa. Muulize: "Nikusikilize tu, au tufikirie pamoja?" Mpunguzie mzigo mmoja unaoonekana, mfano wewe ndiye uzungumze na shule kuhusu kulipa ada kwa awamu. Mawifi wasijue, asipotaka.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache kuanzia mchana. Dawa za usingizi msinunue kienyeji, hasa kama anakunywa pombe: vikichanganyika vinaweza kuzuia pumzi.

Hali ikizidi wiki 2, au akishindwa kazi, mwende hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, apimwe na presha na sukari. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.

Akisema bora afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, mpeleke hospitali muda huohuo.