Fesi yia anauliza: bumu, kozi weki na kitanda cha watu wawili

Barua za Novemba na Desemba hufanana kila mwaka. Wengi wanaoandika ni fesi yia, yaani wa mwaka wa kwanza, ndiyo kwanza wameripoti chuoni, na wengi wao wanalia bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Tuanze nalo.

Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), nyumbani ni Kasulu. Bumu la kwanza limeisha ndani ya wiki tatu. Nilinunua simu na vitu vya chumbani, nikatuma nyumbani 200,000 kwa ajili ya wadogo zangu. Sasa nakula mara moja kwa siku na naona aibu kuwaambia.

Marahaba mdogo wangu. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500. Shida ni kwamba haiji kwa siku. Inaingia kwa mkupuo wa siku kama 60, na mtu ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe anaamka ana laki sita. Meseji ya benki haisemi "elfu kumi mara sitini".

Sitakwambia usitume nyumbani. Najua familia ambazo bumu la mkubwa ndilo linalomnunulia mdogo sare na madaftari, na atakayekuita mjinga kwa hilo hajui maisha. Ila 200,000 ni chakula chako cha siku 20. Mpigie mtu mzima mmoja anayesikilizwa pale nyumbani, mjomba au mama mdogo, umweleze kwamba hii ni hela ya kula, na kwamba ni mkopo utakaokuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara ukiajiriwa. Wazazi wengi wanadhani serikali inawalipa watoto wao mshahara. Hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Bumu lijalo panga kiasi kidogo cha kutuma, kiwe kilekile kila mara. Na siku hela inapoingia, hamishia nusu kwenye laini nyingine ambayo hutembei nayo.

Kwa sasa, tafuta wenzako waliopanga geto mitaa ya jirani na chuo, Msewe au Changanyikeni, mchange unga na maharage mpike pamoja. Ikishindikana, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi ukaseme hujala. Wewe si wa kwanza kuketi kwenye kile kiti ukayasema hayo.

Dada, nilipata Division One ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Test ya kwanza chuoni nimepata 7 kati ya 20. Je, nitadisko, yaani nitafukuzwa chuo kwa kufeli?

Kwa test moja? Hapana. Tufanye hesabu, wewe ni mtu wa PCM. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vingine vingi, kozi ina alama 40 za kozi weki, yaani test na kazi za muhula, na 60 za mtihani wa mwisho. Umepoteza 13, mbele yako zimebaki 80. Kupata C, yaani 40, unahitaji 33 kati ya hizo. Kupata B+, yaani 60, unahitaji 53. Ni kazi, lakini inafanyika. Ila soma kanuni za chuo chako, maana vipo vyuo vinavyodai kiwango fulani cha kozi weki kabla hujaruhusiwa kuingia kwenye mtihani.

Kilichokupiga nadhani ni mwendo. Kidato cha tano na sita ulikuwa na miaka miwili kabla ya mtihani wa NECTA, na mwalimu akikufuata hadi prepo. Hapa muhula ni miezi minne hivi, test ya kwanza inakuja bado unatafuta ukumbi ulipo. Chukua karatasi yako uende ofisini kwa mwalimu saa alizobandika mlangoni. Usiende kuomba alama. Muulize swali la ngapi lilikushinda kwa kutoelewa, na lipi kwa kuandika vibaya. Fesi yia wengi hawaendi kabisa. Wanaogopa mlango tu.

Madesa, yale makaratasi ya notisi na maswali ya mwaka jana, yasome, lakini usiyafanye kitabu. Mwalimu akibadilisha mada, mtaanguka pamoja kimbweta kizima, yaani kundi zima mnalosoma nalo. Na usijipe moyo kwamba sapu, mtihani wa marudio, ipo: vyuo vingi, hata ukiifaulu kwa kishindo, unaandikiwa C, na hiyo C inabaki kwenye GPA, wastani wa alama zako zote, hadi unahitimu.

Nimembeba rafiki yangu hosteli tangu tumefungua, tunalala kitanda kimoja. Wenzangu chumbani wameanza kununa.

Wana haki. Kubebana kumeokoa watu wengi wasilale stendi, lakini ni kinyume cha sheria za hosteli, na ukaguzi ukifika atakayepoteza chumba ni wewe. Mpe tarehe. Mwambie leo, mwende wote kutafuta chumba cha kuchangia na wenzake, na hadi siku hiyo awe anafagia na kuchota maji kama wengine.

Kiingereza kinanitoa jasho wakati wa presentesheni.

Omba sehemu fupi, uiseme kwa sauti mbele ya wenzako usiku wa kuamkia siku hiyo. Wanaokucheka nao wamekariri sehemu zao.

Habari mwandishi. Binti yangu yuko chuo Dodoma. Alipokuwa shule alinieleza kila kitu. Sasa napiga mara tatu ndiyo anapokea, anasema "niko bize mama". Nimfuate?

Shikamoo mama. Usimfuate bila kumwambia, utamwaibisha na hutajua lolote. Huenda kweli yuko bize: kipindi saa moja asubuhi, kingine saa kumi na moja jioni, katikati foleni ya chakula. Kubalianeni siku moja ya simu, tuseme Jumapili jioni, na siku nyingine mwachie.

Kitakachonitia wasiwasi ni akinyamaza kabisa, au akianza kuomba hela za haraka bila maelezo. Jua pia kwamba chuo hakitakutumia ripoti kama shule ya sekondari. Matokeo anayaona yeye kwenye akaunti yake ya mtandaoni, kwa hiyo akija likizo mwombe myafungue pamoja. Na siku akipiga yeye mwenyewe, muulize kwanza amekula nini, GPA itasubiri.