Sebule ndogo na seti ya watu saba: tafuta njia kwanza

Mkuu, umeuliza upange vipi seti yako ya watu saba, yaani kochi la watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Nimekuelewa hivi: sebule ni mita 3.6 kwa 4.2. Mlango wa nje na mlango wa korido yote iko upande wa kushoto, mmoja ukuta wa mbele, mwingine ukuta wa nyuma. Dirisha kubwa liko ukuta wa kulia na TV umeiweka chini yake, kochi la watu watatu limeegemea ukuta wa kushoto. Matokeo yake kila anayekwenda chooni anakatiza mbele ya wanaoangalia taarifa ya habari.

Mimi kazi yangu ni kupeleka makochi nyumbani kwa wateja kutoka karakana moja ya Keko hapa Dar. Sebule kama yako naziona sana, hasa nyumba za kupanga. Watu wanabandika makochi kwenye kuta zote, katikati panabaki uwanja, halafu njia ya watu inapita humo humo uwanjani.

Kwako njia tayari ipo, ila umeikalia. Toka mlango wa nje mpaka wa korido ni mstari mmoja ulionyooka kando ya ukuta wa kushoto. Ondoa kochi pale, acha sentimita 90 tupu kutoka mbele mpaka nyuma, usiweke hata kabati la viatu. Mtu aliyebeba sinia la chakula apite bila kuinama upande. Unabaki na eneo la mita 2.7 kwa 4.2 ambalo hakuna mtu wa kulikatiza, na hilo ndilo la kupanga.

TV ihamie ukuta wa nyuma, kona ya kulia. Mwanga wa dirisha utaipata kwa ubavuni, hautakuwa nyuma yake ukikuumiza macho kama sasa. Tena nyaya za ving'amuzi kwenye nyumba nyingi za kupanga huingilia dirishani, kwa hiyo kona hiyo iko karibu nazo. Kama ukuta ule hauna soketi, ekstensheni ipite pembeni kwenye ukuta, isipite chini ya zulia wala isikatize njia. Na tafadhali usiitundike TV juu kama ubao wa matangazo stendi. Aliyekaa kwenye kochi, macho yake yako kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, na katikati ya kioo pawe hapo hapo.

Kochi la watu watatu liende chini ya dirisha. Mengi tunayotengeneza yana urefu wa kama mita 2.1 na kina cha sentimita 90, lakini pima la kwako. Usilianzishie konani kabisa. La watu wawili, lenye kama mita 1.6, litakaa ukuta wa mbele likitazama TV, na hilo la dirishani lianze pale kina cha la wawili kinapoishia, ili miguu ya mtu isigongane na mkono wa kochi la mwenzake. Pale konani panabaki mraba wa sentimita 90, weka meza ndogo ya taa au ua. Hesabu inakubali: 90 za kona na 160 za kochi ni 250, ndani ya zile 270. Kwa urefu nako, 90 na 210 ni mita 3, unabaki na mita 1.2 mpaka ukuta wa TV.

Mgongo wa kochi usipite kizingiti cha dirisha, la sivyo umeziba upepo, na kwa joto la Dar hilo utalijutia kila jioni. Acha upenyo wa kiganja kati ya kochi na ukuta, pazia lishuke vizuri na rangi isichubuke. Kama dirisha linatazama magharibi, pazia jepesi lifungwe mchana, maana jua la alasiri hupausha kitambaa, hasa velveti. Anayekaa hapo anaiona milango yote miwili bila kugeuza shingo. Baba mkwe akija, mkaribishe hapo.

Sasa yale mawili ya mtu mmoja mmoja. Hayaingii. Ukiliweka moja likabiliane na la dirishani, 90 na 90 zinakula 180 kati ya 270, na kwenye sentimita 90 zinazobaki unataka uweke meza na magoti ya watu. Najua seti imenunuliwa pamoja na kuitenganisha kunauma, wateja wangu wengine huona kama nawaharibia heshima ya nyumba. Lakini moja likikaa chumbani na jingine kibarazani, sebule itapumua. Wageni wakizidi, tumia stuli, na viti vya plastiki havijawahi kumvunjia mtu heshima.

Meza ya kati ikae sentimita 40 hadi 45 kutoka kochi, mtu afikie kikombe bila kuinuka. Chagua nyepesi, si ile ya kioo kizito. Ramadhani ukitaka kutandika mkeka wa futari, au ukipatwa na msiba ambapo makochi yote hutolewa nje watu wakae chini, utashukuru vitu vinavyobebwa na watu wawili. Zulia la futi 5 kwa 8 linatosha. Miguu ya mbele ya kochi la dirishani ilikanyage, na ncha yake isiingie njiani, bibi asije akajikwaa.

Kabla ya kusogeza chochote, chora yote haya sakafuni kwa chaki, inafutika kwa kitambaa kibichi. Kisha fungua milango yote, ya kabati la TV pia, uone kama kuna unaogonga mstari. Ukitaka kulitoa nje kochi la watatu ili upate nafasi ya kupanga, na likagoma kupita mlangoni, fungua miguu yake kwa spana, mingi imefungwa kwa bolti, kisha lisimamishe wima.