Mtoto msumbufu shuleni, kabla ya fimbo jua kwanza anaficha nini

Nawaandikia wazazi na walezi wenzangu, hasa nyie ambao kila wiki mnaitwa shule, mara kampiga mwenzie, mara katoroka, mara kachana daftari la mtu, mpaka ukiona namba ya mwalimu kwenye simu roho inapaa. Mie nalea mtoto wa kaka yangu hapa Tanga, tunakaa Makorora, alikuja kwangu yuko darasa la nne na sifa zake zilishafika kabla yake, kila mtu ananiambia pole shangazi mtu umejitwisha mzigo. Mtoto hakuwa mzigo. Mtoto alikuwa hajui kusoma, darasa la nne hajui kusoma, na hakuna mtu alikuwa ameligundua hilo kwasababu yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kulificha.

Alivyokuwa anaficha ndo nataka mkae nako vizuri. Mwalimu akisema tunasoma kwa zamu, kila mtu aya moja, zamu ikianza kumkaribia yeye anaanza vurugu, atamfinya wa pembeni, ataangusha dawati, ataomba kwenda chooni asirudi. Anatolewa nje au anachapwa, zamu imeshampita. Sasa wewe fikiria, kiboko kinauma dakika mbili, ila kuchekwa na darasa zima kunakaa mwaka mzima, kwahiyo alikuwa anachagua kiboko. Na sie watu wazima tunaona tu utundu, tunaongeza viboko, yaani tunampa kilekile anachokitafuta.

Akitoroka alikuwa anakimbilia Deep Sea, soko la samaki, anabebea watu ndoo, anapara samaki, anapewa vijihela. Nikaenda kumuulizia, mama mmoja muuzaji akaniambia, "Dada huyu mtoto ana akili, chenji hakosei hata siku moja." Na kweli, mwambie mafungu matatu ya elfu mbili mbili, mtu katoa elfu kumi, hujamaliza kusema keshakujibu elfu nne. Hesabu hiyohiyo ikiandikwa kwa maneno kwenye mtihani anapata sifuri, maana swali lenyewe hawezi kulisoma! Hapo ndo nikajua kichwa ni kizima, shida ni herufi.

Ukitaka kumjua mwanao usimpe kitabu chake cha shule, hicho kashakikariri kwa kuwasikia wenzie. Mpe maandishi ambayo hajawahi kuyaona, gusa neno moja katikati, muulize hili nini. Akiwa anakuangalia wewe usoni badala ya karatasi ujue anabahatisha. Wengi ba be bi bo bu wanaijua, wanakwama kwenye mbwa, nywa, ng'o, ndwe, na bahati yetu Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, akizishika silabi hizo ngumu mlango umefunguka wote.

Na kabla ya yote hayo macho na masikio jamani. Msimamishe mbali kidogo asome kalenda ukutani, mwite kwa sauti ya chini akiwa kakupa mgongo. Mtoto anayetoa usaha sikioni kila mara huyo mara nyingi hasikii vizuri, mwalimu anaita haitiki anaambiwa jeuri. Wa kwetu alikuwa mzima, ila mtoto wa jirani yangu alikuwa haoni ubaoni kabisa, alipelekwa hospitali ya Bombo akapimwa akapata miwani, ugomvi darasani ukapungua. Na ulizeni amelala saa ngapi na amekula nini, mtoto aliyeshinda na gemu kwenye simu usiku halafu asubuhi kaenda na chai kavu atatulia vipi?

Kumfundisha tulikuwa tunakaa baada ya Magharibi mpaka adhana ya Isha, basi, sio zaidi, ukivuta sana mtoto anachukia. Vitabu alikuwa anaviogopa kwahiyo nikaanza na kanga zangu. Naitandika, nasema babaangu hebu nisomee shangazi amevaa neno gani leo. Maneno ya kanga ni mafupi, herufi kubwa, halafu yana utamu wake, akimaliza anataka kujua lina maana gani, anacheka, anaomba kanga ingine. Njiani tunasoma daladala, Raskazone, Sahare, Pongwe, tunasoma vibao vya maduka. Alipoanza kujiamini ndo tukarudi kwenye kitabu, na tulianza cha darasa la pili, ndani kwetu, hakuna wa kumcheka.

Tyusheni ya watoto wamejazana mtu anasomeshwa masomo yaleyale ya darasa la nne mie siishauri kwa mtoto wa namna hii, hela yako inapotea na yeye anapata sehemu nyingine ya kuficha.

Kwa mwalimu nendeni mapema, na nendeni kwa heshima. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wameingia wengi sana, ni jambo jema kabisa, ila mwalimu mmoja na darasa lililofurika hawezi kumuona kila mmoja. Mie nilimwambia, shikamoo mwalimu, mtoto wetu hajui kusoma na anaona aibu, naomba usimsimamishe kusoma mbele ya wenzie kwanza, msikilize pembeni. Akashukuru, akamhamishia dawati la mbele, akampa kazi ya kukusanya madaftari. Na kuhusu viboko mjue kuna kanuni za 2002, visizidi vinne, na anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Mkiona yanazidi, muoneni mwalimu mkuu, ongeeni kwa utulivu, ni haki yenu.

Deep Sea sikumkataza. Jumamosi tunaenda wote, yeye ndo anapiga bei na kushika hela, maana huko ndo sehemu pekee alikuwa anasifiwa, ukimnyang'anya na hiyo anabaki na nini? Kutoroka kukaisha taratibu. Kupigana bado kunatokea, hasa akitaniwa, hilo tunaendelea nalo.

Kama mmekaa naye miezi, mnamfundisha kwa upole, macho na masikio mazima, na bado herufi zinamchanganya au hawezi kutulia hata kwenye kitu anachokipenda, usimuite mzembe. Nenda ofisi ya elimu ya halmashauri, ulizia mambo ya elimu maalumu na wapi mtoto anapimwa, na nenda na daftari zake waone mwandiko wake.