Kusaka jiokashi kwenye Kanisa Kuu la Salisbury: maswali yenu na majibu yetu

Wasomaji kadhaa wanaoishi Uingereza wametuuliza kuhusu jiokashi, mchezo wa kusaka kopo lililofichwa kwa kufuata koodineti za setilaiti, na wengi wanataka kuanzia Salisbury. Kanisa kuu la mji huo liliwekwa msingi mwaka 1220, jengo lake kubwa likamalizika 1258, na mnara wake una urefu wa mita 123. Tumeyafupisha maswali, majibu tumeyaacha yawe marefu pale yanapohitaji.

Nimezunguka kanisa zima nikipapasa kila ufa na sijaona kopo. Liko wapi? (Msomaji, Southampton)

Acha kupapasa ukuta. Kwenye makanisa ya kale, hazina huwa ya hatua kadhaa au ya fumbo: kanisa linakupa majibu, majibu yanakupa tarakimu, na tarakimu zinakupeleka kwenye kopo lililo mahali pengine, labda chini ya daraja au kando ya njia ya mtoni. Koodineti za kwanza kwenye ukurasa wa hazina, yaani maelezo yake mtandaoni, ni mahali pa kuanzia tu. Soma maelezo yote kabla hujatoka nyumbani, angalia ni ya aina gani, kisha tazama alama mbili, ya ugumu na ya njia. Zote huanzia 1 hadi 5, zikipanda kwa nusu nusu. Ugumu 4 na njia 1 maana yake ni kwamba utaumiza kichwa, lakini miguu itastarehe.

Kuna pia hazina zisizo na kopo kabisa. Unafika, unajibu swali kwenye programu ya simu, unahesabiwa.

Simu ikisema mita 4, nikipiga hatua moja inasema 27. Ninunue nyingine? (Msomaji, Reading)

Hapana. Tangu Marekani ilipoondoa upotoshaji wa makusudi kwenye mawimbi ya GPS, Mei 2000, kifaa cha kawaida kinapata mahali kwa kukosea mita chache tu kwenye uwanja wazi. Siku moja baada ya upotoshaji huo kuzimwa, yaani tarehe 3 Mei, kopo la kwanza la mchezo huu lilifichwa Oregon, Marekani. Kinachokusumbua wewe ni ukuta. Jengo refu la mawe linaficha nusu ya anga, na mawimbi ya setilaiti zilizobaki yanagonga ukuta kabla ya kukufikia. Yakizunguka hivyo yanachelewa, na simu inayatafsiri kama umbali zaidi. Ndiyo maana nukta inaruka.

Ondoka ukutani mita 30 au 40, usimame kwenye majani, simu ikiwa bapa kiganjani, na usubiri dakika mbili. Soma umbali na mwelekeo, kisha tafuta kitu kilicho upande huo: mti, benchi, nguzo ya taa. Nenda upande mwingine urudie. Pale mielekeo miwili inapokutana ndipo pa kutafuta. Ukishafika ndani ya mita 10, simu iingie mfukoni na macho yafanye kazi. Angalia pia kava la simu yako: likiwa na sumaku, dira itadanganya siku nzima.

Ndani ya kanisa usitegemee setilaiti hata kidogo. Pakua ukurasa wa hazina mapema, beba pawabenki, na beba kalamu ya kuandika jina lako kwenye daftari la kopo, kwa sababu makopo madogo hayana nafasi ya kalamu.

Nimepata majibu yote, lakini ramani inanipeleka baharini! (Msomaji, Bournemouth)

Umeandika E (mashariki) badala ya W (magharibi). Salisbury iko karibu na N 51° 03.9 na W 001° 47.9. Ukiweka E, nukta inaangukia baharini, kaskazini mwa Calais, Ufaransa. Wenzetu waliozoea koodineti za Dar es Salaam au Nairobi, ambazo ni S na E, wanaingia mtego huu kirahisi kwa kuwa herufi zote mbili zinabadilika.

Kosa la pili ni la mfumo. Jiokashi huandika nyuzi na dakika zenye desimali, lakini ramani nyingi za simu huonyesha nyuzi zenye desimali. 51° 03.900 si 51.03900, bali ni 51.06500: gawa dakika kwa 60.

Pima pia uzito wa kila tarakimu. Pale Salisbury, tarakimu ya mwisho ya latitudo, ile ya tatu baada ya nukta, ikikosewa kwa 1 unasogea mita 1.85, na ya longitudo kama mita 1.16. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ikikosewa kwa 1, unasogea mita 185 au 116. Kwa hiyo hakiki kwanza majibu yanayoingia nafasi hiyo. Na hazina ya fumbo ikikupeleka zaidi ya kilomita 3.2 kutoka koodineti za kwanza, hesabu yako ina kasoro, maana kanuni hairuhusu.

Mna mbinu gani ya kusoma dondoo, yale maswali yanayojibiwa kwa kutazama vitu, za ndani ya kanisa bila kukosea? (Msomaji, London)

Hapa ndipo mchezo ulipo. Jibu kile ulichokiona, usijibu unachokijua. Mfano mzuri ni saa ya kale ya Salisbury, inayodhaniwa kuwa ya mwaka 1386 hivi: fremu ya chuma, magurudumu yenye meno, kamba na mawe ya uzito. Dondoo ikiuliza ina mishale mingapi, mwenye kujibu kwa mazoea ataandika 2. Jibu ni 0. Haina uso wa kuonyesha saa. Ilitengenezwa kugonga kengele tu.

Kuhusu makaburi, kumbuka kuwa kabla ya 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtu aliyefariki Februari anaweza kuandikiwa miaka miwili, kwa mfano 1693/4. Mtunzi makini atasema anataka tarakimu ipi. Asiposema, jaribu zote mbili. Tarakimu za Kirumi zisome kwa kidole hewani, herufi moja moja, maana L iliyolika inafanana na I.

Ukihesabu, hesabu kitu kilekile kilichotajwa. Ukumbi wa baraza la kanisa, ambamo imewekwa mojawapo ya nakala 4 zilizobaki za Magna Carta ya 1215, hati ya kale ya haki ya Uingereza, una pande 8. Lakini pande si madirisha, na madirisha si vioo vyake.

Watoto wakichoka na tarakimu, wapelekeni kwenye nguzo nyeusi zilizong'arishwa. Jiwe lake huitwa marumaru ya Purbeck, ingawa kwa kweli ni jiwe la chokaa lililojaa konokono wa maji baridi. Sogeza uso karibu, mwanga uje kwa pembeni, utaona maganda yaliyokatwa katikati yakionyesha mizunguko yao, mengine madogo kuliko ukucha.

Ibada ikianza, kaa au toka. Usihesabu mishumaa watu wakiwa wanasali.

Nataka kuficha kikopo cha sumaku kwenye ufa wa ukuta wa kanisa. Nifuate hatua gani? (Msomaji, Bristol)

Usifiche hapo, tafadhali. Ukuta huo umeunganishwa kwa chokaa laini, na kila mkono unaochokonoa unatoa punje. Chuma kikiingia maji kinapata kutu, kutu inavimba, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Wasakaji mia wakipita, ufa wako mmoja unakuwa mashimo kumi, kwa kuwa kila asiyeona kopo anajaribu ufa wa jirani. Pia kuna viumbe: mnarani huzaliana ndege aina ya kozi, na popo wanalindwa na sheria.

Panga hivi. Chukua dondoo kwenye vitu vya kudumu vilivyo nje, kama maandishi ya jiwe au bamba la shaba, kamwe si matangazo ya karatasi. Omba ruhusa ya maandishi kwa uongozi wa kanisa hata kama kopo halitakuwa kwao, maana utawaletea wageni wanaotazama kuta kwa namna ya ajabu. Kopo lenyewe liweke mbali, kwa ruhusa ya mwenye eneo, na lisikaribie kopo la mtu mwingine chini ya mita 161. Tumia la plastiki angavu lenye mpira kwenye kifuniko na vibanio pande zote, la mililita 250 hadi 500, lililoandikwa nje kuwa ni la mchezo. Kifurushi kisichoeleweka karibu na kanisa kinaweza kuita polisi. Vikopo vya filamu ya kamera huingiza maji. Daftari linaoza kabla ya mwezi kuisha. Usiweke chakula, panya watakitafuna pamoja na kopo.

Je, mchezo huu unawezekana kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani? (Msomaji, Lindi)

Unawezekana, na kanuni ni zilezile, tena kwa ukali zaidi. Kuta za Msikiti Mkuu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na eneo lote limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Dondoo zitoke magofuni, kopo likae Kilwa Masoko, na ruhusa itafutwe kwanza kwa wasimamizi wa magofu na kwa mwenye mahali pa kopo. Epuka bawaba za chuma kwa sababu ya chumvi, na liweke kivulini, maana plastiki ikipigwa na jua kila siku inakuwa dhaifu na kuvunjika. Kwa latitudo yenu, tarakimu ya mwisho ikikosewa kwa 1 ni karibu mita 1.8 pande zote mbili, kwa hiyo hesabu ni rahisi kuliko Salisbury.